Macho ya Konstebo

Fundi alikuwa anatetemeka mpaka benchi alilokalia linagonga ukuta. Ko, ko, ko, kama mtu anabisha hodi.

"Tulia," Sajini alimwambia.

"Nimetulia, afande."

Ko, ko, ko.

Sajini alivuta kigoda akakaa mbele yake. Fundi lilikuwa jitu la miraba minne, mikono imejaa makovu madogo madogo ya cheche za kuchomelea, shingo ya kubebea mzigo, halafu linatetemeka kama kifaranga kilicholoa. Pale kituoni jina lake lilikuwa limeshapotea. Tangu jana walimwita Kumi na Mitano. Mpelekeeni maji Kumi na Mitano. Kumi na Mitano kala? Hajala, anasikilizia miaka yake.

Ndiyo hiyo sheria mpya. Ukimjeruhi askari aliye kazini, miaka kumi na mitano, na hakimu haruhusiwi kupunguza hata siku moja, hata akikuonea huruma akalia. Ukishasomewa shtaka, dhamana hakuna. Ukimsingizia askari, kumi. Waliotunga walisema ni ya kuwalinda askari, na si uongo, askari walikuwa wanaumizwa. Sajini mwenyewe alishamzika mwenzake aliyepigwa nondo ya kichwa akiamua ugomvi wa watu. Lakini tangu sheria ianze kazi, mtaa mzima uligeuka. Watu wakiona sare wanavuka barabara. Mtu anakukanyaga kwenye foleni, akigeuka akaona kofia, anapiga magoti.

"Jana asubuhi Konstebo Mrefu alikuja kibandani kwako kukagua," Sajini alisema.

"Sikuwepo."

"Ulikuwa wapi?"

"Nyumbani. Nimelala."

"Ulikamatiwa wapi?"

"Kibandani."

"Kwa hiyo kibanda kilikufuata kitandani?"

Benchi likazidi kugonga.

"Ulimmwagia maji ya betri machoni?"

"Hapana, afande."

"Sasa kama hukummwagia, uongo wa nini? Ulikuwepo au hukuwepo?"

Fundi hakumtazama. Alitazama mlango. Mlango ulikuwa umeachwa wazi kidogo, na kwenye ule upenyo palionekana ncha ya kiatu cheusi kimesimama tu, hakiendi popote.

"Niandikie, afande," alisema kwa sauti ya chini. "Niandikie nilimmwagia. Nitasaini. Ila mke wangu asiguswe."

Kalamu ya Sajini ilisimama. "Nani kasema ataguswa?"

"Hakuna. Hakuna mtu kasema. Mdomo wangu umekosea."

Kiatu kikaondoka.

Nje Sajini alimkuta koplo wa kaunta anajifanya kupanga funguo. Koplo alikuwa na mdomo mwepesi na tumbo zito.

"Mkuu anataka jalada mchana huu," alisema. "Mwanasheria wa serikali anakuja na karandinga, anamchukua mtu wake, anaondoka. Kesi nyepesi hiyo, Ndiyo Afande. Wewe saini tu."

Hilo ndilo jina walilompa Sajini, Ndiyo Afande, kwa sababu katika miaka yake yote ya kazi hakuna aliyemsikia anasema hapana. Na jalada lilimwangukia kwa bahati mbaya tu. Sheria ilitaka mpelelezi ambaye hakuwepo kituoni siku ya tukio, na yeye jana na juzi alishinda mahakamani akitoa ushahidi wa kesi ya wizi wa nyaya. Wengine wote walikuwepo.

Kwenye ngazi alikaa mke wa fundi, kanga imebanwa kwapani, macho chini.

"Shikamoo, afande."

"Marahaba. Usiku wa kuamkia jana mume wako alirudi muda gani?"

"Sijui."

"Alirudi na nini?"

"Sijui kitu, afande. Hata yeye mwenyewe simjui sana."

"Umezaa naye wangapi?"

"Wanne," mama yule alisema, midomo inacheza. "Lakini simjui sana."

*

Kibanda cha fundi kilikuwa cha mabati, kati ya duka la vipuri na ukuta wa shule. Ndani palikuwa na mageti mawili ambayo hayajakwisha, kiti cha pikipiki, nondo zimeegeshwa. Kwenye rafu kulikuwa na dumu dogo la maji ya betri, nusu. Ndilo walilolipiga picha jana na kusema ni silaha.

Sajini alipiga magoti akakagua sakafu. Maji ya betri yakianguka kwenye saruji yanachemka, yakikauka yanaacha doa jeupe linalobanduka ukilikwangua. Alitafuta kuanzia mlangoni mpaka kona ya mwisho. Palikuwa na mafuta, kutu, na unga wa chuma. Doa jeupe hakuna.

Kitu kingine hakikuwepo. Kwenye kona, vumbi lilikuwa limeacha umbo la sanduku, mraba safi kabisa, na juu yake waya wa umeme umening'inia haujachomekwa popote. Fundi wa kuchomelea, na mashine ya kuchomelea hana.

Alivuka hadi dukani. Mwenye duka, mama mtu mzima wanayemwita Mama Vipuri, alimwona anakuja akaanza kufunga mlango.

"Mama, shikamoo. Ni mimi tu."

"Ndiyo maana nafunga, mwanangu."

"Swali moja."

"Hilo moja lina miaka mingapi?"

Sajini aliweka mguu kizingitini, polepole. "Fundi na Konstebo Mrefu waliwahi kugombana?"

Mama Vipuri alitazama kulia, akatazama kushoto. Hili alikuwa tayari kulisema, ilionekana, kwa sababu lilimuumiza fundi na si askari. "Waligombana, wiki iliyopita. Mrefu alichukua pikipiki ya mteja ikiwa kwa fundi. Fundi akapandwa na hasira akamwambia nitakutoa macho. Mtaa mzima ulisikia."

Hilo lilitosha kabisa. Mwanasheria akilipata hilo hahitaji kingine.

"Na jana asubuhi?"

"Jana asubuhi fundi alikuja mapema, akakaa pale kwenye ndoo, hafanyi kazi. Nikamuuliza vipi leo, umegoma? Hakunijibu. Mrefu akaja na gari. Hakuingia hata ndani. Fundi akanyanyuka mwenyewe, akaingia garini."

"Kelele? Mtu kulia macho yangu?"

"Mrefu alikuja macho tayari..." Mama alijiziba mdomo kwa kiganja. Alibaki hivyo, macho yamemtoka.

"Mrefu alikuja macho tayari nini, mama?"

"Sijasema. Umenisikia nasema? Hujanisikia."

"Na mashine ya fundi iko wapi?"

"Mwanangu, mimi nina kisukari. Jela sitamaliza hata wiki. Ondoa mguu."

Sajini aliondoa mguu. Komeo lilipigwa, halafu la pili, halafu akasikia kitu kizito kinaburutwa kuja kuegemea mlango.

*

Konstebo Mrefu alikuwa nyumbani kwake, amelala chali kwenye kochi ambalo halimtoshi, miguu imening'inia hewani kuanzia magotini. Mapazia yamefungwa. Kitaulo kilicholoa kimemfunika kuanzia paji mpaka puani. Cheti cha daktari kilikuwa mezani, mstari mmoja: macho yote mawili yameungua. Kwa nini yameungua, daktari hakuandika. Naye alikuwa na watoto.

"Pole, ndugu yangu."

"Nimeshapoa. Jalada limekwisha?"

"Linakaribia. Niambie yalikujia upande gani."

"Mbele. Niliingia ndani, jamaa akachukua dumu, pwaa!"

"Ulisimama wapi?"

"Katikati ya kibanda."

"Ulivaa shati gani?"

"Sare. Hii ya kazini. Imeshafuliwa."

"Shemeji," Sajini aliita kuelekea jikoni, "hebu niletee shati la jana tulione."

"Lipo kambani!" mke wa konstebo alijibu, akapita mbio kwenda uani, akarudi nalo. Sajini aliinua ile sare kwenye mwanga wa upenyo wa pazia. Kitambaa kizima. Maji ya betri yakigusa pamba utadhani hayajafanya kitu, lakini ukishafua tu, shati linakuwa chandarua. Hili halikuwa na tundu hata la sindano. Alilikunja akalirudisha.

"Vipi?" Mrefu aliuliza chini ya kitaulo.

"Imetakata."

Mke wa konstebo akarudi tena na sahani. Juu yake vilipangwa vipande vya kiazi kibichi, vyembamba, vinatoa maji.

"Kumbe mnakaanga?" Sajini aliuliza.

"Hivi? Vya macho hivi, shemeji. Tangu usiku wa juzi nakata tu. Nimemaliza kiroba."

"We mwanamke!" Mrefu alinyanyuka ghafla, kitaulo kikaanguka.

Sajini alimtazama. Macho yalikuwa mekundu kama nyama buchani, machozi yanachuruzika yenyewe. Lakini kope zote zipo. Nyusi zipo. Uso mzima umeiva wekundu kama wa mtu aliyeshinda juani, mpaka pale kofia inapoishia, basi.

Kaka yake Sajini alichomelea mageti miaka mingi. Siku akijisahau akatazama ule mwali bila kioo, mchana hasikii kitu. Usiku ndipo macho yanawaka, kama kayatilia mchanga wa moto, na mama yao alikuwa akikata kiazi kibichi, kipande huku, kipande huku. Ni dawa ya wachomeleaji hiyo. Mtu aliyemwagiwa tindikali anakimbilia bomba. Hakati kiazi.

Na usiku wa juzi ulikuja kabla ya jana asubuhi.

"Nani alikwambia uweke viazi?" Sajini aliuliza.

"Mke wangu."

"Mimi?" mke akashangaa. "Mimi kiazi najua cha kula. Si ulipiga simu ukaambiwa, na mimi naweka, vinasaidia kweli..."

"Nyamaza!"

Sahani iliinama mikononi mwa yule mama. Kipande kimoja kikateleza kikaanguka kwenye zulia. Hakuna aliyekiokota.

Mrefu alimgeuzia Sajini yale macho, anajitahidi kuyafungua. "Ndiyo Afande. Kile kifungu cha kumsingizia askari umekisoma?"

"Nimekisoma."

"Kinahusu hata askari kwa askari. Usije ukasema hukuambiwa."

"Ugua pole," Sajini alisema, akatoka. Alipofika getini, kupitia dirisha, alimsikia Mrefu anaongea na simu. Hakusikia maneno. Alisikia tu, "Ndiyo, mkuu. Ndiyo, mkuu."

*

Alirudi kituoni karibu anakimbia, lakini hakuingia kwa mbele. Alizunguka uani, kule zinakowekwa pikipiki zilizokamatwa, zimefunikwa turubai kubwa la kijani. Mashine haikuwa kibandani, na chuma walichonacho polisi ni pikipiki tu. Mlinzi wa uani alikuwa kaenda kula. Sajini aliinua pembe ya turubai akaingia chini yake akiwa ameinama.

Harufu ya rangi mpya ilimpiga puani.

Namba ya chasi ya pikipiki inakaa shingoni, chini ya usukani. Alipapasa ya kwanza. Kutu, namba zipo. Ya pili, vivyo hivyo. Ya tatu, kidole kilinata. Alikileta machoni, kimekuwa cheusi. Ya nne pia, na ya tano. Chini ya rangi chuma kilikuwa na uvimbe, kama kovu, mahali mtu amekata kipande na kuchomelea kingine.

Miguuni pake vijiti vya kuchomelea vilivyobaki vifupi vilitapakaa kama vipande vya sigara. Na kule mwisho, chini ya gunia, kuna sanduku la chuma lenye mpini uliofungwa kitambaa, na nyaya mbili nene zimezungushwa juu yake. Lingekaa sawasawa kwenye ule mraba wa kibandani.

Sajini alichuchumaa pale, mkono mdomoni. Pikipiki ya wizi ikikamatwa, inakaa hapa mpaka mwenyewe aitambue kwa namba. Namba zikibadilika, mwenyewe hatambui kitu, na pikipiki inauzwa. Kazi hiyo haifanywi bila fundi. Na fundi akishamaliza anakuwa shahidi. Zamani ungempiga mkwara tu, na siku moja angesema. Sasa kuna njia safi zaidi, inampoteza miaka kumi na mitano, na akifungua mdomo wanamwongezea kumi.

Alipotoka chini ya turubai alitazama juu. Ghorofani, dirisha la ofisi ya Mkuu wa kituo, pazia lilicheza. Upepo haukuwepo.

Alitembea hadi mahabusu.

"Mashine yako iko uani," alimnong'oneza fundi kupitia nondo.

Fundi alitazama kiganja chake, halafu akaanza kulia bila sauti, mabega tu yanapanda na kushuka.

"Niliwaambia wasitazame," alisema. "Niliwaambia, wazee, geukeni. Wao walikuwa wameinama kabisa, wanataka waone namba zinakaa sawa. Wakavaa miwani ya jua. Wakanicheka, mbona tunaona vizuri tu, wewe fundi unajifanya daktari. Usiku wakanipigia simu wanatukana. Nikawaambia wekeni viazi."

"Wao ni nani? Mrefu na nani?"

Fundi alitikisa kichwa. Halafu akachongoa midomo, akaelekeza juu, kwenye dari.

Na kutoka juu sauti ikaita ngazini, "Ndiyo Afande! Mkuu anakutaka! Na jalada lako!"

*

Ofisi ya Mkuu ilikuwa giza mchana kweupe. Taa zimezimwa, pazia zito limevutwa. Mkuu alikaa nyuma ya meza yake pana, na usoni amevaa miwani nyeusi. Kando yake, kwenye kiti kidogo, Mwanasheria wa serikali, kijana mwembamba ndani ya suti aliyonunua akitegemea kunenepa, alikuwa anafuta jasho shingoni.

"Umetoka uani," Mkuu alisema. Hakuuliza.

"Ndiyo, afande."

"Ulikuwa unatafuta nini?"

"Nilikuwa nafupisha njia."

"Karandinga linasubiri. Weka saini."

Sajini aliweka jalada mezani. Akijua au asijue kilichoko uani, ni neno lake dhidi ya la Mkuu, na neno hilo bei yake miaka kumi. Turubai lingehamishwa kabla hajamaliza kuapa. Fundi asingesema kitu, Mama Vipuri asingesema kitu. Angeweza kuweka saini, arudi nyumbani, alale. Alishika kalamu.

Tone la chozi lilitoka chini ya miwani ya Mkuu, likateremka shavuni, likaingia kwenye ndevu. Likafuatiwa na lingine.

"Afande," Sajini alisema, akaiinua kalamu kutoka kwenye karatasi. "Afande, kabla sijasaini, kuna kifungu nikikiruka mimi mwenyewe nafungwa."

"Kifungu gani?"

"Cha kuficha jeraha la askari. Mtumishi yeyote akimwona askari kaumia, asiporipoti siku hiyo hiyo apimwe hospitali ya serikali, miaka mitano."

"Si Mrefu ameshapimwa?"

"Si Mrefu, afande. Wewe."

Mwanasheria aliacha kufuta jasho.

"Mimi nina nini?" Mkuu aliuliza taratibu.

"Macho yako yanamwaga machozi, afande. Uso umeungua mpaka kwenye mstari wa kofia. Naripoti tu."

"Ni mafua haya. Saini."

"Nikisaini bila kuripoti..."

"Nimesema saini, Sajini!"

Kalamu ilimponyoka ikabingirika mpaka kwenye viatu vya Mwanasheria. Kijana aliinama kuiokota. Alipoinuka alikuwa amemtazama Mkuu kwa karibu zaidi kuliko alivyokusudia, na ungeona kabisa anajuta.

"Mheshimiwa," alisema, "samahani. Naomba uvue miwani."

"Unaniamuru?"

"Sikuamuru, mheshimiwa, nakuomba kama baba yangu. Mimi ningependa nisione. Lakini nimeshaona machozi. Nikishaona na mimi nimo. Mitano, mheshimiwa! Nimeoa mwezi uliopita!"

Mkuu alimtazama Sajini, au miwani ilimtazama, halafu akaivua akaitupa mezani. Macho yalikuwa mekundu, yamevimba, hayawezi kukaa wazi.

Mwanasheria alivuta jalada, akafungua cheti cha Mrefu. Akasoma ule mstari mmoja. Akatazama uso wa Mkuu. Akasoma tena, midomo inatembea.

"Mheshimiwa... na wewe ulikuwa kibandani kwa fundi?"

Mkuu alifungua mdomo. Sajini alimwona anahesabu. Akisema alikuwepo, maelezo ya Mrefu yanasema aliingia peke yake. Akisema hakuwepo, basi yale macho yaliungulia wapi?

"Sikuwepo," Mkuu alisema hatimaye.

"Kwa hiyo wewe yamekuungulia... sehemu nyingine? Siku moja na yeye?"

"Nimesema ni mafua."

"Basi daktari wa serikali aseme ni mafua. Sisi wote tutakuwa salama." Kijana alikuwa anaongea haraka sasa, huku anarudisha karatasi kwenye mkoba. "Awapime wote wawili, wewe na konstebo, aandike na kilichounguza. Sajini, wewe unadai nini?"

"Sidai kitu, bwana. Simsingizii mtu yeyote. Nimeripoti jeraha."

Mkuu aliweka viganja juu ya meza.

"Jalada lirudi kwenye uchunguzi," alisema. "Ushahidi hautoshi."

"Na mtuhumiwa?" Sajini aliuliza.

"Hajasomewa shtaka huyo," Mwanasheria aliruka. "Hakuna shtaka, hakuna kumshikilia. Atoke. Mimi naondoka na karandinga langu tupu, na hapa sikufika." Alikuwa ameshashika kitasa.

Kijana alipotoka, Mkuu alivaa miwani yake taratibu, sikio moja, halafu la pili.

"Sajini."

"Afande."

"Ile nyumba ya geti la bluu nyuma ya stoo ya mbao ni kwako, eti?"

"Ndiyo, afande."

"Nzuri. Ina utulivu." Akageukia dirisha. "Kamtoe mtu wako."

*

Mlango wa mahabusu ulifunguliwa, na fundi hakutoka.

"Toka," Sajini alimwambia.

"Nitoke niende wapi?"

"Nyumbani. Huna kesi."

"Nikitoka mtasema nimetoroka." Alijikunyata kwenye kona, magoti kifuani. "Afande, nifungie. Tafadhali. Nifungie tu."

Koplo wa kaunta aliangua kicheko. Sajini hakucheka. Alikwenda nje, akamrudisha mke wa fundi akiwa amemshika kiwiko. Mama yule alisimama mbele ya nondo akamwangalia mumewe, yule mtu asiyemjua sana.

"Baba nanihii," alisema, "nyanyuka. Watoto wanakuulizia."

Ndipo alipoinuka. Korido ya kituo ilikuwa nyembamba, askari wawili wamesimama wanapiga soga, na koplo ametanua tumbo lake mlangoni. Fundi aliona ile njia akaganda. Halafu lile jitu likabana mikono kifuani, likavuta tumbo ndani, likaanza kupita kiubavu, mgongo unakwangua ukuta, hapumui, ili hata ukosi wa shati lake usiguse sare ya mtu.

"Mpisheni!" Sajini alisema. "Sogeeni, jamani, mpisheni apite!"

Walisogea huku wanacheka. Alipofika nje juani alipumua kama mtu aliyezamishwa kichwa kwenye ndoo ya maji akaachiwa. Mkewe alimshika shati kwa nyuma, akalikunja kwenye ngumi, hakuliachia.

Sajini aliwasindikiza mpaka barabarani. "Leo usilale kwako," alisema bila kumtazama. "Wala kibandani usiende. Chukueni watoto mwende."

"Twende wapi?"

"Usiniambie. Nisijue kabisa."

Fundi aliitikia kwa kichwa. Alipiga hatua mbili tatu, akasimama, akageuka. Alikuwa ameacha kutetemeka, na sasa alimtazama Sajini vizuri kwa mara ya kwanza tangu aletwe, kuanzia kofia mpaka viatu.

"Na wewe, afande? Wewe utalala wapi?"

Nyuma ya Sajini, ghorofani, dirisha la Mkuu lilifunguliwa. Sajini alilisikia. Hakugeuka.

"Mimi ni askari," alisema. "Mimi sheria inanilinda."

Mke wa fundi alimwangalia, akaangalia dirisha, halafu akamvuta mumewe shati, wakaanza kwenda upesi upesi bila kukimbia.